Timu ya Mbali, Uwanja wa Karibu: Redio, Televisheni na Ushabiki wa Soka katika Jiji la Arusha na Eneo la Mlima Meru, 1951–2025

1.0 Utangulizi

Jumamosi jioni katika jiji la Arusha hutambulika kwa sauti. Kuanzia Ngarenaro hadi Kijenge, na kando ya barabara kuu iendayo Tengeru na Usa River, kelele za goli hutoka katika mabanda ya mbao na mabati, mara nyingi kwa wakati mmoja, kwa sababu mabanda yote yanaonesha mechi ileile. Goli lenyewe limefungwa London, Manchester au Liverpool. Jioni hiyohiyo timu ya Arusha huweza kuwa uwanjani katikati ya jiji ikicheza mechi ya ligi ya daraja la chini, na aliye bandani asijue hata matokeo yake.

Hali hii imezoeleka kuelezwa kwa namna mbili. Wapo wanaolalamika kwamba televisheni ya nje imewapotosha vijana na kuua soka la nyumbani. Wapo pia wanaoiona kuwa matokeo ya kawaida ya utandawazi: mtazamaji ana haki ya kuchagua mchezo ulio bora, na mchezo bora uko Ulaya. Maelezo haya mawili yanapingana, lakini yanakubaliana katika jambo moja, kwamba mapenzi kwa timu ya mbali yaliletwa na televisheni. Insha hii inahoji dhana hiyo.

Hoja kuu ya insha hii ni kwamba mkazi wa Arusha alijifunza kuipenda timu asiyoiona miongo kadhaa kabla ya kituo cha kwanza cha televisheni kuanzishwa Tanzania Bara. Redio ndiyo iliyomfundisha, na timu hizo za mbali zilikuwa Simba na Yanga za Dar es Salaam. Televisheni ilirithi mazoea hayo na kuyapanua. Jambo jipya lililoletwa na televisheni lilikuwa ushindani wa saa: ilimpa shabiki mchezo wa kutazama katika wakati uleule ambao klabu ya mji wake ilihitaji kiingilio chake. Suala linaloulizwa hapa, kwa hiyo, linahusu zaidi mpangilio wa muda, fedha na sheria za utangazaji kuliko uzalendo wa mashabiki.

2.0 Redio na Mazoea ya Kushabikia Timu ya Mbali

Tafiti za historia ya soka katika Afrika Mashariki zimejikita zaidi katika miji ya pwani. Fair (1997) ameonesha jinsi Waafrika wa Zanzibar walivyouchukua mchezo ambao watawala wa kikoloni waliutarajia ufundishe nidhamu, wakaufanya uwanja wao wa kujadili heshima na mamlaka. Tsuruta (2007) ameifuatilia asili ya upinzani wa Simba na Yanga na kuihusisha na ukuaji wa mji wa Dar es Salaam. Klabu hizo mbili, Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, zilikuwa klabu za mitaa, na hadi leo majina ya Jangwani na Msimbazi hutumika kuzitaja. Swali ambalo tafiti hizo hazikulenga kulijibu ni hili: klabu za mitaa ya Kariakoo ziliwezaje kuwa klabu za mtu wa Sanawari, au wa kijiji cha wakulima wa kahawa na migomba kwenye miteremko ya Mlima Meru, zaidi ya kilomita 600 kutoka Msimbazi?

Jibu linaanza na redio. Utangazaji wa redio nchini Tanganyika ulianza mwaka 1951 kupitia Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 liliundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 chombo hicho kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, maarufu kama RTD, chini ya serikali. Mwaka huohuo wa 1965 ndipo ligi ya taifa ilipoanza, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Sunderland, klabu ambayo mwaka 1971 ilibadili jina na kuitwa Simba. Ligi ya taifa na redio ya taifa, kwa hiyo, zilikua pamoja. Kwa kuwa hapakuwa na redio nyingine ya nchini Tanzania Bara hadi utangazaji ulipofunguliwa kwa watu binafsi kwa Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993, sauti moja iliyotoka Dar es Salaam iliwafikia wasikilizaji wa mikoa yote kwa wakati mmoja.

Athari ya mpangilio huo inaweza kueleweka kwa kuzingatia nafasi ya mtangazaji. Watangazaji wa RTD, akiwamo Charles Hilary, hawakuwa wakisoma matokeo tu. Walimwonesha msikilizaji mpira ulipo, nani anao, nani anamkabili na jukwaa linasema nini. Msikilizaji wa Arusha aliuona Uwanja wa Taifa wa Dar es Salaam kwa masikio, akiwa amezunguka redio moja pamoja na majirani. Kusikiliza kwa pamoja kulizaa ubishi, na ubishi ulimlazimu kila mmoja achague upande. Ndiyo maana katika sehemu kubwa ya Tanzania mgeni huulizwa kwanza kama ni Simba au Yanga. Timu ya mkoa wake huja baadaye, ikiulizwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mwaka 1993. Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella Abidjan ya Côte d'Ivoire, ikatoka sare ya bila kufungana ugenini, kisha ikafungwa 2–0 jijini Dar es Salaam mwezi Novemba. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Kwa shabiki wa Arusha, furaha ya kufika fainali na uchungu wa kuipoteza vilikuja kupitia redio. Hiyo ilikuwa mechi kubwa ya mwisho ya klabu ya Tanzania katika zama za redio peke yake, na inathibitisha kwamba mapenzi makali kwa timu isiyoonekana yalikuwa yamekwisha kukomaa kabla ya picha kufika.

3.0 Uwanja wa Sheikh Amri Abeid na Timu za Nyumbani

Pamoja na mvuto wa Simba na Yanga, mji wa Arusha ulikuwa na soka lake. Kitovu chake ni Uwanja wa Kumbukumbu ya Sheikh Amri Abeid, unaomilikiwa na Chama cha Mapinduzi kama viwanja vingine vingi vya mikoani. Jina la uwanja huo lina uzito wake. Sheikh Kaluta Amri Abeid, aliyezaliwa Ujiji mwaka 1924 na kufariki mwaka 1964, alikuwa mshairi, mwandishi wa kitabu cha sheria za kutunga mashairi, Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam na waziri katika serikali ya Tanganyika huru. Kuupa uwanja wa michezo jina la mshairi na mwanasiasa wa uhuru kulidhihirisha jinsi taifa changa lilivyouona mchezo: kama sehemu ya utamaduni na ujenzi wa taifa.

Mtazamo huo uliwekewa misingi mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa Sheria Namba 12 ya mwaka huo, na michezo ikaendeshwa kwa misingi ya ridhaa. Katika mfumo huo, timu nyingi zilibebwa na mashirika ya umma, viwanda, majeshi na mamlaka za mikoa. Mji wenyewe wa Arusha ulikuwa na viwanda vikubwa kama General Tyre na Kiltex, na wafanyakazi wake walikuwa sehemu ya umma wa mjini wenye mshahara wa mwezi na saa maalumu za mapumziko. Umma wa aina hiyo ndio unaoweza kujaza jukwaa.

Ni muhimu kutambua kwamba redio haikuuvuruga uwanja huo. Msikilizaji aliweza kubeba redio yake ndogo hadi jukwaani, akaitazama timu ya mji wake huku akiifuata ya Dar es Salaam kwa sikio. Mtu mmoja aliweza kuwa na timu mbili bila mgongano, moja ya kusikiliza na nyingine ya kutazama. Katika zama hizo mikoa kadhaa ilitoa mabingwa wa ligi: Mseto ya Morogoro mwaka 1975, Tukuyu Stars mwaka 1986 na Coastal Union ya Tanga mwaka 1988. Arusha haikuwahi kutwaa ubingwa huo, lakini mifano hiyo inaonesha kwamba nguvu ya Simba na Yanga katika redio haikuzizuia timu za mikoani kuwa na mashabiki, fedha na matumaini.

4.0 Televisheni na Kibanda Umiza

Televisheni ilichelewa kufika Tanzania Bara kwa uamuzi wa kisera. Zanzibar ilikuwa na kituo chake tangu miaka ya mwanzo ya 1970, lakini serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa kwa nchi iliyokuwa bado ikitafuta maji, shule na zahanati. Milango ilipofunguliwa, mabadiliko yalikwenda kasi. ITV ilianza kurusha matangazo mwaka 1994, sambamba na vituo vingine vya binafsi vya Dar es Salaam. Televisheni ya taifa ilifuata miaka michache baadaye.

Upande wa pili wa dunia, Ligi Kuu ya Uingereza ilikuwa imeanzishwa mwaka 1992 kwa kuegemea mapato ya televisheni ya kulipia. Katikati ya muongo huo huduma za setilaiti za DStv zilianza kuisambaza barani Afrika. Mwaka 2007 kampuni ya GTV iliingia sokoni kwa kununua haki za ligi hiyo, lakini ilifungwa ghafla mwezi Januari 2009 na kuwaacha wateja wake katika nchi nyingi za Afrika na ving'amuzi visivyo na picha. Tukio hilo lilionesha kwamba mapenzi ya shabiki yalikuwa yamewekwa rehani kwa kampuni asizoweza kuzihoji.

Ada ya mwezi ya setilaiti ilikuwa nje ya uwezo wa wakazi wengi wa Arusha. Pengo hilo ndilo lililozaa kibanda umiza. Mtu mmoja alilipia king'amuzi, akaweka seti moja au mbili za televisheni, akapanga mabenchi na kutoza kiingilio kidogo. Jina lenyewe, lililotungwa kwa mzaha na watumiaji wake, linaeleza hali ya ndani: msongamano, joto, benchi lisilo na egemeo na uchungu wa kufungwa mbele ya macho ya wapinzani. Umeme ulivyozidi kusambaa vijijini, hasa baada ya Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi katika muongo wa 2000, mabanda hayo yalipanda pia kwenye miteremko ya Meru. Kijana wa kijijini hakuhitaji tena kushuka mjini kuifuata mechi ya Ulaya.

Kibanda umiza kinapaswa kueleweka ndani ya mazingira ya kijamii ya Arusha ya miaka ya 1990 na baadaye. Weiss (2009), katika utafiti wake kuhusu vinyozi wa Arusha, ameonesha jinsi vijana waliokosa ajira rasmi baada ya mageuzi ya kiuchumi walivyotumia picha, majina na mitindo kutoka ng'ambo kujieleza na kudai nafasi yao katika dunia. Jezi za Arsenal na Manchester United, nembo zilizobandikwa kwenye vioo vya vifodi na baadaye kwenye pikipiki za bodaboda, ni sehemu ya historia hiyohiyo. Hata hivyo, kibanda hakikuwa mahali pa wote. Kwa kiasi kikubwa kilikuwa nafasi ya wanaume na wavulana. Ushabiki wa wanawake ulipata nafasi zaidi nyumbani, hasa baada ya mwaka 2013, matangazo ya analojia yalipozimwa na ving'amuzi vya bei nafuu kuenea.

5.0 Saa ya Mechi na Ukuta Uliokosekana

Mabadiliko yaliyoziathiri zaidi klabu za nyumbani yanaonekana kwenye saa. Kwa kuwa viwanja vingi vya mikoani havikuwa na taa, mechi za Tanzania zilizoeleka kuanza saa 10 alasiri na kumalizika kabla ya giza. Ratiba ya Uingereza huangukia palepale. Katika miezi ya baridi ya Ulaya, mechi inayoanza saa 6:30 mchana kwa saa za London huanza saa 9:30 alasiri Arusha. Katika miezi ya kiangazi cha huko, mechi za saa 9 alasiri huanza saa 11 jioni kwa saa za Tanzania. Kwa namna moja au nyingine, mechi ya uwanja wa Sheikh Amri Abeid iliyoanza saa 10 ilikutana na mechi ya kibandani. Shabiki aliyekuwa na fedha ya kiingilio kimoja alilazimika kuchagua.

Uingereza yenyewe iliiona hatari hii mapema. Tangu miaka ya 1960 soka la nchi hiyo limekuwa na utaratibu wa kutorusha mechi za moja kwa moja Jumamosi kati ya saa 8:45 mchana na saa 11:15 jioni kwa saa za huko. Lengo lake ni kuzilinda klabu ndogo, ili mtu wa mji mdogo asibaki nyumbani akitazama klabu kubwa wakati timu ya mji wake inacheza. Kanuni za Shirikisho la Soka la Ulaya, UEFA, zinaruhusu kila chama cha nchi kuweka kinga ya aina hiyo. Lakini kinga hiyo inaishia mpakani. Mechi ambazo mkazi wa mji mdogo wa Uingereza hakuruhusiwa kuzitazama moja kwa moja, ili klabu yake isife, ziliuzwa nje na kutazamwa moja kwa moja Ngarenaro na Usa River. Klabu ndogo ya Uingereza ilijengewa ukuta; klabu ndogo ya Arusha haikuwa na ukuta wowote, wala haikuwapo mezani mkataba ulipotiwa saini.

Kumbukumbu za ligi zinaonesha jinsi nafasi ya Arusha ilivyopungua. Katika muongo wa 2000 AFC ya Arusha ilishiriki Ligi Kuu kisha ikashuka. JKT Oljoro, timu ya Jeshi la Kujenga Taifa, iliibeba bendera ya mkoa kuanzia msimu wa 2011/12 hadi iliposhuka mwishoni mwa msimu wa 2013/14. Tangu hapo hadi msimu wa 2024/25 hakuna timu ya mkoa wa Arusha iliyocheza Ligi Kuu. Zilizobaki katika ngazi ya pili, Mbuni FC na TMA Stars, zina uhusiano na jeshi. Jambo hili lina maana kihistoria: timu zilizodumu ni zile zenye taasisi nyuma yake, ambazo uhai wake hautegemei fedha za mlangoni.

Haitakuwa sahihi kuibebesha televisheni lawama yote. Mageuzi ya miaka ya 1990 yaliyabinafsisha au kuyafunga mashirika mengi ya umma yaliyokuwa yakifadhili timu nchini. Kiwanda cha General Tyre kilisimamisha uzalishaji mwishoni mwa muongo wa 2000, na mji ukapoteza sehemu ya umma wake wenye kipato cha uhakika. Aidha, migogoro ya uongozi ilikilemaza kwa muda mrefu chama cha soka cha taifa, FAT, hadi kilipopangwa upya kuwa TFF mwaka 2004. Televisheni iliikuta nyumba ambayo nguzo zake zilikuwa zimeanza kutikisika. Kosa lililoweza kuepukika ni kwamba hakuna chombo kilichouliza klabu za mikoani zingeishi vipi katika saa ambazo watazamaji wao walikuwa wameuzwa kwa wengine.

6.0 Utani, Lugha na Kumiliki Timu ya Wengine

Ikiwa klabu za nyumbani zilipoteza, mashabiki wenyewe hawakubaki watupu. Ushahidi wa lugha unaonesha kwamba waliupokea mchezo wa mbali na kuufanya wao. Shabiki wa Sombetini hasemi kwamba Arsenal imefungwa, husema “tumefungwa”. Kiambishi hicho kimoja cha nafsi ya kwanza wingi kinabeba dai zima la uanachama. Magazeti na redio za Kiswahili nazo ziliwapa wageni hao majina ya nyumbani: Arsenal wakawa Washika Bunduki, Liverpool wakaitwa Majogoo wa Jiji, na Chelsea wakajulikana kwa jina la Darajani, kutokana na uwanja wao. Kwa njia hiyo klabu za Uingereza ziliingizwa katika mtindo uleule wa majina uliokwisha kuwapa Simba jina la Wekundu wa Msimbazi na Yanga jina la Wananchi.

Kubwa zaidi ni utani. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na neno hilo halikuchaguliwa kwa bahati. Utani ni taasisi ya kale inayoziruhusu jamii mbili kukejeliana hadharani bila chuki, na kuwajibika kusaidiana katika msiba. Wachaga na Wapare, majirani waliohamia Arusha kwa wingi, ni watani wanaojulikana. Katika jiji linalowakutanisha Waarusha, Wameru, Wachaga, Wapare, Warangi, Wairaki, Wamaasai, Wasomali na watu wenye asili ya Asia, soka liliwapa watu wasio na utani wa kikabila njia mpya ya kutaniana. Asiyejua ukoo wa jirani yake anaweza kujua timu yake, na hilo linatosha kuanzisha mazungumzo katika kinyozi, sokoni au kijiweni. Ushabiki wa Ulaya uliingia katika taasisi hii bila kuibomoa. Mtu mmoja huweza kuwa mpinzani wa jirani yake Jumamosi katika mechi ya Uingereza, na mwenzake Jumapili katika mechi ya Yanga.

Hapa pia panafaa kutajwa Mbwana Samatta. Januari 2020 alijiunga na Aston Villa na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na tarehe 1 Februari akafunga goli katika mechi dhidi ya Bournemouth. Kwa muda mfupi, “tumefunga” ya kibandani ilipata maana mbili: ya klabu na ya nchi. Hata hivyo, si kila badiliko lilikuwa la kuimarisha upenzi. Kuenea kwa michezo ya kubahatisha kulileta shabiki wa aina mpya, anayeweza kuiombea timu ya mpinzani wake ishinde ili mkeka wake usichanike. Kwake, mechi ni nafasi ya kipato, na utani unaotokana na timu moja ya maisha hupungua nguvu.

7.0 Ligi ya Nyumbani Katika Skrini na Uwanja Mpya

Kuanzia mwaka 2013 skrini ya kibandani ilianza kubadilika. Azam TV ilianzishwa mwishoni mwa mwaka huo na kujikita katika kurusha Ligi Kuu ya Tanzania. Mei 2021 TFF na Azam Media walitia saini mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mechi za nyumbani zikasogezwa hadi jioni na usiku katika viwanja vyenye taa, na mabanda yaliyozoea Uingereza yakajaa pia kwa ajili ya Simba na Yanga. Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 na kulikosa kwa kanuni ya goli la ugenini dhidi ya USM Alger ya Algeria, Arusha iliishuhudia fainali hiyo kwa macho, tofauti na ile ya Simba ya mwaka 1993.

Mafanikio hayo ni makubwa, lakini yameongeza umbali kati ya walio ndani ya Ligi Kuu na walio nje yake. Fedha za mkataba na muda wa skrini huifuata ligi ya juu. Mkoa usio na timu katika ligi hiyo hubaki mtazamaji. Ndivyo ilivyokuwa Arusha. Fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF ilichezwa katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid mwaka 2018, Mtibwa Sugar ikiifunga Singida United 3–2, na tena Julai 2022, Yanga ilipotoka sare ya 3–3 na Coastal Union na kushinda kwa penalti. Msimu wa 2024/25 Coastal Union iliutumia uwanja huo kama wa nyumbani katika mechi zake dhidi ya Yanga na Simba. Katika matukio yote hayo mji ulitoa uwanja na watazamaji, na timu zote zilitoka kwingine.

Kumbukumbu hizo zinaonesha kwamba watu wa Arusha hawakuacha kupenda kwenda uwanjani. Wanakwenda pale inapokuja timu wanayoiita yao, na timu hiyo, kwa historia iliyoelezwa hapo juu, hutoka mbali. Swali hili limepata uzito mpya tangu Septemba 2023, Kenya, Uganda na Tanzania zilipopewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Arusha ni miongoni mwa miji iliyoteuliwa, na uwanja mpya wa watazamaji wapatao 30,000, uliopewa jina la Rais Samia Suluhu Hassan, ulianza kujengwa katika kata ya Olmoti. Mashindano yatadumu wiki chache; uwanja utadumu miongo.

8.0 Hitimisho

Insha hii imejadili historia ya ushabiki wa soka Arusha na kuonesha kwamba upenzi kwa timu ya mbali ulitangulia televisheni. Redio ya taifa iliujenga, Simba na Yanga ziliufaidi, na Ligi Kuu ya Uingereza iliukuta tayari. Kwa hiyo, lawama kwamba kijana wa Arusha anayeishangilia Arsenal ameusaliti mji wake inasahau kwamba babu yake aliishangilia Sunderland ya Dar es Salaam, klabu iliyokuwa na jina la mji wa Uingereza, bila kukanyaga Msimbazi.

Tofauti kati ya babu na mjukuu ni kwamba redio ya babu haikumzuia kwenda uwanjani saa 10 alasiri. Televisheni ilishindania saa hiyo, na wakati mashirika yaliyozibeba timu yalipokuwa yakidhoofika, hapakuwa na utaratibu wa kuilinda. Funzo la kisera linalotokana na historia hii ni la wazi. TFF na wenye haki za matangazo wana uwezo wa kutenga saa ambazo ligi za madaraja ya chini hazitashindanishwa na mechi kubwa za ndani, na wa kuelekeza sehemu ya mapato na muda wa skrini kwenye ligi hizo. Matangazo ya Uingereza hayamo mikononi mwao, lakini saa ya kuanza kwa mechi za Arusha imo, ikiwa viwanja vitawekewa taa na ratiba itapangwa kwa kumtazama mlipa kiingilio.

Bila hatua za aina hiyo, uwanja wa Olmoti utajazwa na Taifa Stars, na Simba na Yanga zinapopita, kisha utafungwa hadi wageni wengine waje. Watu wa Arusha wamekwisha kuthibitisha kwa zaidi ya nusu karne kwamba wanaweza kuipenda timu wasiyoiona. Kinachosubiriwa ni timu yao wenyewe kupewa nafasi ya kuonekana.